Kuku wa Masuku

Baba alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na aliisimulia kila mara chakula kile kilipowekwa mbele ya wageni. Chakula chenyewe kilikuwa kuku aliyepikwa kwa tende, zabibu, mdalasini, iliki na karafuu, mchuzi wake mzito, rangi ya udongo, mtamu mdomoni halafu mkali kooni. Nyumbani tulimwita kuku wa msafara. Baba alinawa mikono, akajikohoza, akaanza: bibi yake mzaa mama alitoka pwani pamoja na mumewe, mfanyabiashara mkubwa, wakatembea miezi na miezi mpaka Kasongo, huko Maniema, na njia nzima yule mwanamke alibeba kisanduku cha viungo, kwa sababu mtu wa asili yake hawezi kula chakula cha porini kisicho na harufu. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Bibi, yaani mama yake baba, binti wa huyo mwanamke anayesifiwa, alikuwa akikaa mlangoni pa jikoni na kutazama uani. Sikumbuki kumsikia hata mara moja akiongeza neno.

Tuliishi Lubumbashi, katika mtaa ambao familia nyingi zenye asili ya Maniema zilikuwa zimejenga karibu karibu, kila lupango, yaani kiwanja cha nyumba, na ukuta wake wa matofali ya kuchoma. Upepo ukigeuka, moshi wa kuyeyushia shaba ulitufikia na kutuwasha macho, na nguo zilizoanikwa ziliingiwa na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Baba alikuwa fundi cherehani. Serikali ilipokataza tai na makoti ya Kizungu, kazi ilimmiminikia: makarani, wakubwa wa chama, walimu, wote walitaka abakosti, lile koti lisilo na tai, kifungo mpaka shingoni. Mimi nilikuwa nimeacha shule, nikimsaidia kushona pindo na kutoboa matundu ya vifungo. Mama yetu alikuwa amekufa zamani katika uzazi. Bibi ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyoita huku kwetu.

Yaya alikuwa mrefu, mwenye kucheka haraka, na alikuwa amempenda kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye tanuru za shaba. Walikutana kwenye foleni ya sabuni. Kijana yule alizaliwa upande wa Kasenga, wazazi wake wakulima na wavuvi wa Luapula. Alikuwa na alama za kuungua kwenye mikono yote miwili, na alikuwa na haya. Mvua za kwanza zilipokaribia alikuja nyumbani na mjomba wake, mzee mfupi aliyevaa kofia ya majani, wakileta samaki wa kuokwa kwenye kikapu kipya.

Baba hakuwaingiza ndani. Aliwaketisha kwenye baraza, mimi nikawaletea maji.

“Tunakuya kuomba njia,” mjomba alisema. “Mutoto wetu anaona mutoto wako.”

“Ninasikia,” baba alisema. “Lakini shiye tuko bantu ba pwani. Nyumba yetu iko na asili. Hatuwezi kutoa binti kwa bantu banatoka mu pori.”

Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza kwamba kitambaa kimekwisha. Mjomba alitazama kikapu chake. Kijana alisimama kwanza, akamsaidia mzee kuinuka, wakaaga vizuri wakaenda. Samaki walibaki. Baba aliamuru wapewe majirani. Nyuma ya dirisha Yaya alikuwa ameng'ata kanga yake, na alipoitoa mdomoni ilikuwa imetoboka.

Haikuchukua muda mrefu baba akaleta jibu lake mwenyewe. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki wakavu, mkaazi wa Pweto, ambaye malori yake yaliingia mjini kila mara. Naye ukoo wake ulitoka Maniema. Alikuwa rika la baba, tayari ana mke Pweto na watoto wakubwa. Alikuwa amemwona Yaya siku alipokuja kupimwa abakosti. Baba alimwalika chakula Ijumaa baada ya sala, na sote tulielewa chakula hicho kina maana gani.

“Mama,” baba alimwambia Bibi, “utapika kuku ya musafara.”

“Bilungo hakuna,” Bibi akajibu.

Kweli viungo havikuwapo. Huo ulikuwa mwaka ambao maduka ya wageni yalichukuliwa na serikali na kugawiwa watu wengine. Duka la Mhindi tulikokuwa tukinunua iliki na mdalasini lilipewa bwana mmoja ambaye aliuza vilivyokuwamo mpaka vikaisha, kisha akafunga mlango. Ukichungulia dirishani uliona mbao tupu na mizani iliyolala ubavu. Nilizunguka nyumba za jirani zetu. Mmoja alinipa karafuu chache zilizokwisha poteza ukali. Mwingine alikuwa na kipande cha mdalasini alichokuwa akikiweka katikati ya nguo zake, akanivunjia nusu. Iliki nilipata kwa mjane mmoja kule Makomeno, ambaye alinikabidhi akisema nisimwambie mtu. Tende sikupata popote, wala zabibu.

Nilirudi nikamwambia Bibi. Nilidhani atafurahi, kwamba sasa chakula hakiwezekani na labda siku itaahirishwa. Lakini aliguna tu, akaniambia niende sokoni ninunue masuku.

Masuku ni tunda la porini. Mvua zikianza, wanawake wanaleta vikapu vyake kutoka misituni, matunda ya mviringo yenye ganda gumu la rangi ya kahawia, na ndani nyama tele ya njano inayonata, tamu kama asali iliyochachuka kidogo. Watoto wanayala njiani na kutema mbegu. Sikuwahi kuona mtu akiyatia katika chungu.

“Masuku mu kuku ya musafara?” nikauliza. “Baba atakasirika.”

“Leta masuku,” akasema.

Mikono ya Bibi ilikuwa ikitetemeka wakati huo, hakuweza tena kushika kisu sawasawa, kwa hiyo mimi ndiye niliyepika na yeye akaelekeza. Tulichinjiwa jogoo mzee wa uani, mwenye miguu mikavu kama kuni. Nilimkata vipande, nikamsugua chumvi, ndimu na tangawizi, nikamwacha atulie. Niliwasha makala, yaani makaa, kwenye mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu, nikakaanga vitunguu katika mafuta ya karanga mpaka vikawa karibu kuungua. Bibi alisema hapo hapo, usiogope, utamu wa mchuzi unatoka hapo. Nikatia mdalasini na karafuu na iliki zilizopondwa, harufu ikapanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasahau kwa nini tunapika.

Yaya alikuwa chumbani, jirani mmoja akimsuka. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba, na jirani alikuwa akimwambia akae wima.

Nilipokuwa nikimenya masuku na kukamua nyama yake kwenye bakuli, Bibi alianza kusema. Hakuniangalia. Aliangalia makala.

“Hii ndiyo namna yenyewe,” alisema. “Tende ilikuwa ya bwana. Mupishi hakupewa tende. Mama yangu alipikaka na masuku.”

“Mama yako wa pwani?”

“Haina wa pwani. Hakuona pwani hata siku moja.”

Nikaacha kukamua.

Alinieleza kidogo kidogo, na katikati ya maneno aliniambia geuza nyama, ongeza maji, punguza moto. Mama yake alizaliwa katika nchi ya Waluba, kwenye kijiji karibu na mto. Alikuwa bado hajavunja ungo wakati watu wenye bunduki walipokuja alfajiri. Baba yake aliuawa mbele ya nyumba. Yeye na mama yake walifungwa shingoni pamoja na wengine, wakatembezwa. Mama yake alianguka njiani, akafunguliwa akaachwa hapo hapo akiwa hai, na mtoto hakuruhusiwa kugeuka nyuma. Huo ndio ulikuwa msafara. Mzigo aliobebeshwa kichwani ulikuwa chumvi. Walifika Kasongo, akagawiwa kwa mfanyabiashara mmoja, akawekwa jikoni chini ya mwanamke mwingine aliyekamatwa kabla yake. Ndiye aliyemfundisha kupika kuku wa bwana. Waliruhusiwa kula shingo na miguu, na mchuzi wao waliuongezea utamu kwa masuku waliyookota wakienda kutafuta kuni. Alipokua, bwana alimchukua. Bibi alizaliwa hivyo.

“Na jina lake?” nikauliza, kwa sababu baba alikuwa na jina zuri la Kiislamu alilolitaja katika hadithi.

“Lile banamupa kule. Jina ya kwabo, alisema alisahau.” Alichochea makala. “Sijue kama alisahau kweli. Pengine hakutaka tuliseme.”

Aliniambia kwamba mama yake alijifunga kitambaa shingoni mpaka siku alipokufa, na kwamba baba, aliyekuwa mtoto mdogo, alizoea kumwuliza kama anasikia baridi. Ngozi chini ya kile kitambaa, Bibi alisema, ilikuwa laini na inang'aa, kama mkono wa yule kijana wa tanuru. Kumbe alikuwa amemwangalia vizuri, siku ile pale barazani.

“Juu ya nini haukumuambia baba?”

“Alikuwa mutoto. Hadithi ya sanduku ilimufurahisha. Halafu akakuwa mukubwa, nayo ikamubeba.” Akanionyesha chungu kwa kidevu. “Tia masuku sasa. Isichemke sana, itakuwa chungu.”

Nikatia. Mchuzi ukageuka njano, ukawa mzito, ukaanza kutokota polepole. Nilionja. Ulikuwa mtamu kuliko ule wa tende, na kulikuwa na ladha ya uchachu iliyokuja baadaye na kukaa. Nilimwona Bibi anajifunga kitambaa chake cha kichwa upya, anafuta mikono, na nikaelewa kwamba leo hatakaa mlangoni.

Mgeni alikuja na mpwa wake, wote wawili katika abakosti alizoshona baba. Tuliweka sinia la wali katikati ya mkeka na kuku juu yake. Yaya aliletwa kunawisha mikono. Alimwaga maji bila kuinua macho, na mgeni alinawa taratibu sana, kidole kwa kidole.

Baba alionja, akasita, akanitupia jicho. Nilitazama chini. Lakini mgeni alikuwa ameshafumba macho.

“Hii kitu iko nini?” akauliza.

Baba akajikohoza. Akaanza: bibi yake, pwani, mume mfanyabiashara, kisanduku. Alifika kwenye harufu ya viungo msituni wakati Bibi aliposimama kati ya jikoni na mkeka.

“Mwanangu,” alisema, “mama yangu hakubeba sanduku.”

“Mama, wageni banakula.”

“Bakule tu. Mama yangu alifungwa kamba hapa.” Akagusa shingo yake. “Alikamatwa kwa Baluba. Alikuwa mutumwa mu jikoni ya bwana, na ule bwana ndiye baba yangu. Unasema bantu ba pori hawana asili. Asili yako iko mu pori, karibu na mto, na jina yake hata miye sijue. Kama unamukatalia ule kijana juu ya asili, ujue unamukatalia mama yangu.”

Baba alikuwa na tonge mkononi na mchuzi ulikuwa ukimdondokea kwenye mkono wa shati. Yaya alisimama na birika, na nikaona uso wake unafunguka. Aliamini kwamba imekwisha. Hata mimi niliamini. Mtu aliyekuja kutafuta nyumba ya asili ameambiwa kwamba ni nyumba ya mtumwa. Bila shaka atainuka, atanawa, atakwenda zake.

Mgeni alichagua kipande kingine cha kuku, paja, akalivunja.

“Mama,” akasema kwa upole, “shiye bote tunajua. Iko nyumba gani ya Maniema haina muntu kama ule? Bibi yangu miye alitoka kwa Babemba, alibadilishwa kwa bunduki. Tunasema tu pwani, pwani, juu ni muzuri kwa kusema.” Alitafuna, akameza. Kisha akamgeukia baba na kumwelekezea Yaya kichwa. “Na huyu mutoto, anajua kupika hii?”

Baba alimtazama mama yake, akamtazama binti yake, na nilidhani nimeona kitu kinapita usoni mwake, kama mtu aliyeguswa begani na asiyemjua. Halafu akasema, “Anajua.”

Bibi alirudi jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na mikono imelala mapajani, viganja juu.

“Nilichelewa,” alisema.

Yaya aliolewa kabla mvua hazijaharibu barabara. Alipanda lori la samaki, mbele, kati ya dereva na mumewe, na sanduku lake la nguo likafungwa juu ya magunia ya chumvi. Bibi alimshika mikono dirishani mpaka lori likaanza kutembea. Kuanzia siku ile baba alimpelekea Bibi kila alichohitaji, makala, dawa, blanketi jipya, lakini aliacha kula chakula mahali alipo. Hadithi ya kisanduku hakuisimulia tena. Wala hakusimulia nyingine badala yake. Alishona kutoka asubuhi mpaka jua lilipozama, na ile kelele ya cherehani ndiyo iliyokuwa mazungumzo ya nyumba yetu.

Bibi hakuuona mwaka uliofuata ukimalizika. Baridi ya mwezi wa sita ilimwingia kifuani, ikamchukua kwa siku chache. Tulituma habari Pweto kwa dereva wa lori. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba Yaya ana mimba na mumewe haoni kuwa ni vizuri asafiri. Wanawake wa jirani walipomwosha Bibi waliniuliza alitoka kabila gani, ili wajue kama kuna desturi ya kufuatwa. Niliwaambia sijui. Ilikuwa nusu ya kweli, maana nilijua zaidi kuliko mtu mwingine yeyote aliyebaki.

Miaka ikapita, shaba ikaporomoka, wafanyakazi wakaanza kulipwa kwa magunia ya unga, na hakuna aliyekuja tena kupimwa abakosti mpya. Walileta za zamani zitiwe viraka. Yule mfanyabiashara alikufa. Watoto wa mke wake wa kwanza waligawana malori, wakamwambia Yaya nyumba si yake. Alirudi nyumbani na watoto wawili na kikohozi. Nilipomwona anashuka nilimtafuta dada yangu katika uso ule na nikachelewa kumpata.

Tulikaa uani jioni, watoto wake wakicheza na mbegu za masuku, maana ilikuwa tena majira yake. Nilimwuliza kama alikuwa akimpikia mumewe kuku yule.

“Hata mara moja,” alisema. “Nilimuambia sijue. Nikasema baba alidanganya.”

“Na yeye?”

“Alinipiga. Mara ya kwanza, na mara nyingine nyingine, akikumbuka. Akileta wageni alikumbuka.” Aliinua mabega. “Nilimupikia samaki. Samaki asubuhi, samaki mangaribi. Alikufa hajakula.”

Alilisema bila kiburi chochote. Nilitaka kumwambia kwamba Bibi angefurahi kulisikia, lakini sikuwa na hakika, na yeye alikuwa ameanza kukohoa.

Yaya alikufa kabla ya Pasaka ya Wakristo, katika siku za mvua kubwa za mwisho. Siku ya kilio uani palijaa maji, tukaweka mbao za kukanyagia. Yule kijana wa tanuru alikuja, sasa mtu mzima mwenye mvi, na mke wake mnene mwenye sura njema. Alikaa na wanaume, akala kidogo, akanipa mkono, akasema Mungu amempokea. Hakukaa sana kwa sababu alikuwa na zamu.

Watoto wa Yaya nimewalea mimi. Baba aliwapenda kwa namna yake, aliwashonea kaptula kutokana na mabaki ya vitambaa, na macho yake yalipokufa waliongoza mkono wake mpaka kwenye maji ya kutawadha. Yule mkubwa, alipokuwa darasa la mwisho, alirudi kutoka shule akiniuliza sisi ni watu wa wapi hasa, kwa sababu mwalimu amewataka kila mmoja ataje kabila lake mbele ya wenzake. Baba alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha uzi, uso umeelekea ukutani. Nikamwambia mtoto aweke begi chini akae, nikamweleza yote niliyoyajua, kwa mpangilio nilioyasikia, kuanzia alfajiri ile karibu na mto, na nilipofika mahali ambapo mama wa yule msichana alianguka njiani, baba aliinamisha kichwa, lakini hakunikataza kuendelea.